Zulia la mtandamboo kwenye mteremko mkavu: shajara ya mradi, Dodoma 2021–2025

Eneo lenyewe ni mteremko mbele ya nyumba, mita 7 kwa 4, pembezoni mwa jiji. Udongo ni mwekundu wa kichanga wenye changarawe, na jua linaupiga tangu asubuhi hadi magharibi. Dodoma mvua ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na kwa wastani haifiki milimita 600 kwa mwaka. Miezi inayobaki ni upepo na vumbi. Nyasi za bustani zilishajaribiwa hapa na waliotutangulia. Zilinywa maji ya mgawo hadi zikafa, mteremko ukabaki unamomonyoka kila masika.

Ninachotaka ni kichaka cha asili kitakachofunika ardhi, kisizidi goti, kizae matunda yanayolika, na kisidai maji kikishavuka viangazi viwili.

Nimechagua mtandamboo. Jina lake la kitaalamu siku hizi ni Carissa spinarum, vitabu vya zamani vikiuita Carissa edulis. Wamasai huuita olamuriaki, Wachaga manka. Majani yake ni magumu na yanang'aa, miiba imenyooka, maua ni meupe yenye wekundu kidogo mgongoni na yananukia sana. Tunda lina upana wa sentimita moja hivi; huanza kijani, likawa jekundu, likaiva jeusi lenye rangi ya zambarau. Mmea huu unapatikana Afrika, Oman na Yemen, India, hadi Australia, kwa hiyo ukame haukuwa hofu yangu. Hofu ilikuwa kimo. Ukiachwa utakavyo, mtandamboo hufika hata mita 5, hasa ukipata mti wa kuuegemea.

Muuza miche alinishauri nichukue "karisa" ya Afrika Kusini, Carissa macrocarpa, ambayo ina aina fupi zilizokwisha kuchaguliwa kwa kazi hii. Ni mmea mzuri na tunda lake ni kubwa zaidi. Lakini kwao ni pwani ya Natal na Msumbiji, na mimi nilitaka wa vilima vyetu.

14 Machi 2021: Mbegu na vipandikizi vya kwanza

Kilimani nimepata nilichodhani ni bahati: vichaka vya mtandamboo vifupi, vimelala, havizidi sentimita 40, vimeshikana kama vimekatwa na fundi. Nimeomba ruhusa kwa bibi mwenye shamba la jirani, nikakata vipandikizi 60 vya urefu wa shubiri, na nikajaza kopo la matunda meusi.

Kabla ya lolote, kwa atakayefuata njia hii: katika vichaka vikavu kama hivi kuna msunguti pia, ule ambao magome na mti wake huchemshwa kupata sumu ya mishale. Ni wa ukoo mmoja na mtandamboo. Una utomvu mweupe, maua meupe yenye harufu nzuri, na tunda linalopita wekundu likawa jeusi-zambarau. Tofauti ya haraka ni miiba: msunguti hauna. Kichaka kisicho na miiba usichume tunda, usikate tawi, hata kama watoto wa hapo wanakwambia wanakijua.

Mbegu: nimeponda matunda, nikaosha nyama yote, nikaanika kivulini siku moja na kusia papo hapo kwenye viriba. Mchanganyiko ni udongo mwekundu, mchanga na samadi iliyooza, sehemu sawa. Vipandikizi nimevichomeka kwenye mchanganyiko huohuo, chini ya neti ya kivuli.

Gharama hadi sasa: viriba 6,000, neti 16,000.

9 Mei 2021: Kitalu

Mbegu zimeota bila adabu ya mpangilio, nyingine wiki ya tatu, nyingine sasa hivi ndiyo zinachungulia, lakini zimeota nyingi. Ukisia mtandamboo usitupe kiriba kwa kuwa kimechelewa.

Vipandikizi vimeoza. Katika 60 vimebaki 7. Nimevichomoa vilivyokufa na kuvikagua kimoja kimoja, na naona sababu tatu zilizoshirikiana. Kwanza, vilikuwa matawi ya kijani laini ya masika, yamejaa maji. Pili, utomvu ulitoka kwa wingi kwenye jeraha nami nikavichomeka vikiwa bado vinatiririka. Udongo umeganda palepale kwenye kidonda ukatengeneza plasta ya uchafu. Tatu, samadi. Kipandikizi kisicho na mizizi hakina haja ya chakula, na kilichokifikia hapo ni vimelea tu.

4 Desemba 2021: Kupanda

Mashimo ni ya Chololo, mtindo uliopewa jina la kijiji cha hapahapa Dodoma: upana sentimita 22, kina 30, sentimita 60 kutoka shimo hadi shimo na 90 kati ya mistari. Ndani ni majivu kidogo ya kuwafukuza mchwa, samadi, na mabaki ya mtama. Udongo uliochimbwa unawekwa upande wa chini wa mteremko ili maji yasimame. Mashimo 50 yametosha eneo lote. Kibarua 40,000, samadi mikokoteni miwili 30,000.

Nimepanda miche 43 ya mbegu na yale 7 ya vipandikizi, baada ya mvua ya pili kulowesha udongo hadi chini. Kuhusu upandaji hakuna jipya la kueleza.

20 Machi 2022: Imesimama

Mizizi imeshika, miche haijafa zaidi ya mitatu, na mradi umeshindwa.

Miche ya mbegu imepanda juu moja kwa moja, kila mmoja kwa tabia yake: mwembamba, mnene, wenye miiba mirefu, wenye miiba michache. Mingine imefika kiunoni. Hilo la mbegu nilikuwa nalitarajia kwa kiasi fulani. Kilichoniumiza kichwa ni vile 7, watoto wa vichaka vifupi vya kilimani. Navyo vimesimama wima, na samadi ya shimoni imevizidishia kasi.

Nimerudi kilimani kumuuliza yule bibi.

"Shikamoo bibi. Vile vichaka vilivyolala, ulivijua tangu zamani viko hivyo?"

"Marahaba, mjukuu wangu. Vile mbuzi ndio wanavinyoa. Ukivifungia mbuzi mwaka mmoja, vitakupita kimo."

Ndiyo maana vilionekana vimekatwa na fundi. Ufupi wake haukuwa wa asili, na kipandikizi hakirithi meno ya mbuzi. Kwa anayetafuta mmea mama: angalia ncha za matawi. Zikiwa butu, zimegawanyika mara nyingi kwa karibu, na mavi ya mbuzi yako chini, huo si mmea mfupi.

Bibi ndiye aliyenielekeza kwenye kichaka kingine juu ya bapa la mwamba ambako mbuzi hawafiki. Matawi yake yanatambaa juu ya jiwe, marefu ajabu, yananing'inia ukingoni, ncha zake hazijaguswa na zinaelekea pembeni wala si juu. Kimo chake hakifiki magoti yangu. Huo ndio mmea.

27 Machi 2022: Kuchanja matawi mtini

Kukata na kuchomeka kulikwisha nishinda, kwa hiyo nimetumia njia inayotumika kwa karisa ya Natal. Tawi changa la pembeni linachanjwa hadi nusu ya unene wake, linainamishwa chini, linaachwa likining'inia bila kukatwa. Utomvu unatoka na kukauka tawi likiwa bado linalishwa na mama yake, na kidonda kinafunga kovu nene. Baada ya miezi miwili hivi ndipo linakatwa kabisa na kuzikwa kwenye mchanga.

Nimechanja matawi 30, yote ya kulala. Machipukizi yaliyosimama sikugusa hata moja. Nimefunga kila tawi kwa waya mwembamba kwenye jiwe ili upepo usimalizie kazi ya kisu. Waya 8,000.

29 Mei 2022

Matawi 4 yamevunjika kwa upepo, 26 yana kovu zuri la kahawia. Nimeyakata chini ya kovu, nikaondoa majani ya chini na kuyachomeka kwenye mchanga mtupu wa mtoni uliooshwa, chini ya neti ileile. Hakuna samadi. Mchanga unalowa mara moja kwa siku, asubuhi tu.

21 Agosti 2022: Mizizi, na uhamisho wa wale warefu

Mizizi imechelewa kwa sababu ya baridi ya Juni na Julai, lakini imekuja: 24 katika 26. Nikilinganisha na 7 katika 60, sitarudi kwenye njia ya kwanza.

Mitandamboo ya wima nimeamua kutoitupa. Mvua ikianza nitaihamishia mpakani iwe ua. Kwa sasa mbuzi wa mtaani wanapita watakavyo na miiba haiwazuii. Wanang'oa ncha laini kwa uangalifu mkubwa kuliko mkasi. Nimezungushia eneo seng'enge na nguzo, 85,000, gharama kubwa kuliko zote. Ningeanza na ua wa mtandamboo mwaka mmoja kabla, pesa hiyo ingebaki mfukoni.

10 Desemba 2022: Kupanda mara ya pili

Miche 24 haitoshi mashimo 50, kwa hiyo nimepanda shimo moja na kuruka moja. Mashimo ni yaleyale, samadi ya mwaka jana imeshaisha nguvu na sikuongeza. Warefu wamehamia mpakani, na tangu wakatwe hadi sentimita 20 wakati wa kuhamishwa wanatoa matawi mengi chini, jambo zuri kwa ua.

Kila tawi la mche mpya linalofika urefu wa mkono nalilaza na kulibana ardhini kwa kipande cha waya kilichokunjwa kama herufi U. Pale linapogusa udongo wenye unyevu chini ya matandazo linatoa mizizi lenyewe. Hapo ndipo mashimo yaliyorukwa yatajazwa bila kitalu.

Mei hadi Novemba 2023: Kiangazi, mchwa na ndago

Maji: chupa za plastiki za lita moja na nusu, zimetobolewa matundu mawili ya sindano kwenye kizibo, zimezikwa kichwa chini kando ya kila mche, matako yamekatwa ili zijazwe. Mwanzoni nilizijaza kila wiki, kuanzia Agosti kila wiki mbili. Pamoja na ndoo nilizonunua siku za mgawo, kiangazi hiki kimekula 36,000. Hakuna mche uliokufa kwa kiu.

Mchwa: nilitandaza maboksi chini ya majani makavu ili kuzuia magugu. Wamekula maboksi yote kufikia Julai, kisha wakahamia kwenye magome ya miche miwili. Majivu ya shimoni hayasaidii juu ya ardhi. Nimeondoa kila kitu kinacholiwa na kumwaga kokoto nyembamba badala yake, unene wa vidole vitatu, 60,000. Kokoto hazina mapenzi na mtu, mchana zinachoma mguu, ila mchwa wameondoka na unyevu wa chini umebaki.

Ndago ndiyo adui wa kweli wa zulia lenye miiba. Ikishaota katikati ya matawi huwezi kuing'oa bila damu, na ukiikata juu inacheka. Mbigili vilevile, miiba ndani ya miiba. Kazi ya kuchimba vitunguu vya ndago ifanyike kabla ya kupanda, msimu mzima wa mvua ukiwezekana. Mimi nimeifanya baada, kwa mkono wenye glavu ya ngozi na bisibisi ndefu, na sehemu mbili imenilazimu kung'oa mtandamboo wenyewe ili kuifikia.

Jirani ameleta hoja ya nyoka. Ni hoja ya haki: kichaka kizito karibu na mlango ni kivuli cha panya, na panya huita wengine. Nimeacha ukanda mtupu wa kokoto wa mita moja na nusu kati ya zulia na ukuta wa nyumba, na njia ya watoto inapita nje kabisa ya eneo.

17 Februari 2024: Hakuna maua

Agosti mwaka jana zulia lilikuwa limeanza kushikana, lakini kimo kilipishana na nilitaka lionekane sawa. Nikalipitia lote kwa mkasi wa ua, juu juu, likawa limenyooka vizuri sana. Leo vichaka vya kilimani vimebeba matunda na hapa hakuna kitu, isipokuwa matawi ya ukingoni ambayo mkasi haukuyafikia.

Mtandamboo hutoa maua kwenye ncha za matawi. Ukikata ncha zote miezi michache kabla ya maua, umekata matunda. Na si hilo tu: kila tawi lililokatwa ncha limetoa machipukizi mawili au matatu, na mengi yamesimama wima. Nimetengeneza kwa mikono yangu kile walichotengeneza mbuzi.

Utaratibu tangu leo ni huu. Chipukizi likisimama wima, linaondolewa lote kutoka shina lake, halifupishwi. Tawi la kulala halikatwi ncha. Linabanwa kwa waya au linaelekezwa penye pengo. Ukataji mkubwa, kama lazima, unafanyika mara moja tu kwa mwaka, mara matunda yanapokwisha, ili ncha mpya zipate muda wa kukomaa kabla ya maua yajayo.

12 Januari 2025: Maua mengi, matunda haba

Msimu huu maua yamefunika eneo lote na jioni harufu inaingia hadi jikoni. Matunda ni ya kuhesabu. Hapa lazima nikumbuke kwamba miche yote 24 ni matawi ya kichaka kimoja kile cha mwambani: kwa hesabu ya uchavushaji ni mmea mmoja. Karisa ya Natal inajulikana kwa hili, miti mingi haizai kwa chavua yake yenyewe. Ushahidi wa hapahapa unaelekea huko: matunda machache yaliyopo yako karibu yote upande wa ua, ambako mitandamboo ya mbegu nayo imechanua.

Nimerudi mwambani. Kando ya kichaka kile kuna kingine kinachotambaa, majani madogo zaidi. Nimechanja matawi yake 10 kwa njia ileile. Wakati huo huo nimeacha mitandamboo minne ya ua, ile iliyo karibu na zulia, isikatwe kabisa hadi maua yaishe.

22 Juni 2025: Hali ilivyo

Zulia limefunika sehemu kubwa ya mteremko. Kona ya juu kushoto, penye mwamba chini ya sentimita chache za udongo, bado iko wazi na nadhani itabaki hivyo. Kimo ni kati ya sentimita 35 na 50. Masika iliyopita maji yalishuka meupe badala ya mekundu, na mfereji uliokuwa unachimbika kando ya ngazi umejaa mchanga wenyewe. Tangu kiangazi cha 2024, ambacho maji yake yalifika 15,000 tu, sijajaza chupa. Nimezichimbua zote.

Matunda yalikuwa bakuli moja, zaidi yalikwenda kwa shorewanda. Yachumwe meusi kabisa na laini. Jekundu bado lina utomvu unaonata kwenye meno. Watoto wanakula na kutema mbegu kwenye kokoto, nazo zinaota, na hiyo miche ya wima naing'oa ikiwa midogo kwa sababu ikishapata miiba inajificha ndani ya zulia na kuchomoza kiunoni msimu unaofuata.

Kero ambayo hakuna kitabu kilichonionya ni takataka. Upepo wa Dodoma unaleta kila mfuko na kila karatasi ya biskuti ya mtaa mzima, na miiba haiachii. Tunatumia koleo ya mkaa, Jumamosi, kwa zamu.

Jumla ya fedha, kwa mita za mraba 28: viriba 6,000, neti 16,000, kibarua 40,000, samadi 30,000, waya 8,000, seng'enge 85,000, kokoto 60,000, maji ya viangazi viwili 51,000, usafiri wa bodaboda kwenda kilimani 24,000. Shilingi 320,000. Anayeanza leo aondoe samadi yote na seng'enge kama ana ua, itabaki 205,000.

Vipandikizi vya mmea wa pili, 8 vilivyopona, viko kwenye mchanga. Desemba vitaingia katikati ya zulia, kimoja kila baada ya mita mbili, na ukingo wa barabarani utachimbwa mashimo mapya kwa umbali wa 90 kwa 90, maana 60 imethibitika ni msongamano kwa matawi yanayotambaa. Ndago ya ukingo huo nimeanza kuichimba tangu Machi.